Miwani ya Kiswidi ya kuogelea: mwaka wa pili usoni, na siku ilipojaa maji ndo nikamwelewa Phelps

Ukifungua pakiti mara ya kwanza unaweza kudhani kuna vitu vimesahaulika kiwandani. Ndani kuna lensi mbili za plastiki ngumu, ngumu kweli, hazina hata kampira pembeni, kuna mkanda mrefu wa mpira ambao haujafungwa popote, kuna kijirija chembamba kama kipande cha mrija wa soda, na kuna uzi. Basi. Humo hamna miwani, kuna vipande vya miwani, na kazi ya kuviunganisha ni yako wewe. Hii ndo miwani ya Kiswidi, wanaoogelea mashindano wengi wanaijua, na mimi nimeivaa mwaka wa pili sasa karibu kila siku ya mazoezi kwahiyo nadhani naweza kuisifia na kuilaumu bila kumuonea mtu. Kampuni sitaji, aina hii inatengenezwa na wengi na tofauti zao ni ndogo, ninachoongelea hapa ni aina yenyewe.

Niseme kwanza kwanini niliinunua, maana haiji kwenye macho ya mtu hivihivi, ukiiona pembeni ya zile zenye mpira laini na rangi za kung'aa huwezi kuichagua. Mi ni mtu wa kipepeo, ule mtindo wa kurusha mikono yote miwili mbele kwa pamoja. Mita 200 kipepeo, ile mbio ambayo wengi wakisikia kocha anaitaja wanaanza kuangalia pembeni. Na ukishakuwa mtu wa mita 200 kipepeo huwezi kuacha kumfuatilia Michael Phelps, yule ndo mwenye nyumba. Kijana wa Baltimore, Marekani, Sydney mwaka 2000 ana miaka 15 tu anamaliza wa tano fainali ya Olimpiki, miezi michache baadae Machi 2001 bado ana hiyo hiyo 15 anavunja rekodi ya dunia ya mbio hiyo hiyo, na kwa wakati ule hakuna mwanaume mwenye umri mdogo kama wake aliyekuwa amewahi kuvunja rekodi ya dunia kwenye kuogelea. Mi nikiwa na miaka 15 nilikuwa nahangaika kugusa ukuta kwa mikono miwili kwa pamoja.

Sasa kuna mbio moja ya Phelps ambayo nimeiangalia mara nyingi mpaka naijua kwa moyo, na ndo iliyonifanya nianze kufikiria miwani kama kitu cha maana na sio pambo la usoni. Beijing, tarehe 13 Agosti 2008, fainali ya mita 200 kipepeo. Hiyo ndo ilikuwa Olimpiki aliyochukua dhahabu nane. Anaruka majini, miwani inaanza kuingiza maji. Kidogo kidogo, raundi ya kwanza, ya pili, inazidi, kufika mita 50 za mwisho ni kama anaogelea na mfuko wa maji kwenye kila jicho, haoni ukuta uko wapi, haoni wenzie wako wapi, na kuivua hawezi maana ameiwekea kofia juu yake. Akafanya nini? Akahesabu. Alikuwa anajua ni mapigo mangapi ya mikono yanamfikisha ukutani, akahesabu mpaka mwisho, akanyoosha mikono, ukuta ukawepo. 1:52.03. Rekodi ya dunia, kaipunguza ya kwake mwenyewe ya mwaka 2007 ambayo ilikuwa 1:52.09. László Cseh wa Hungary akaja wa pili kwa 1:52.70.

Lakini angalia anachofanya baada ya kugusa, hapo ndo mimi huwa narudisha nyuma niangalie tena. Hashangilii. Anaivua ile kofia na miwani kwa hasira, anaangalia ubao, uso umekunjamana kama mtu aliyeshindwa. Dhahabu ya kumi ya Olimpiki kwa maisha yake, hakuna mtu aliyewahi kufikisha kumi kabla yake, Mark Spitz wa kuogelea alikuwa na tisa, Carl Lewis wa riadha tisa, na huyu jamaa amekasirika kwasababu alijua angeenda kasi zaidi kama angeona. Afu saa moja baadae hivi akarudi majini na wenzie kwenye kupokezana mita 200 mara nne wakawa timu ya kwanza duniani kushuka chini ya dakika 7. Ndo tabia yake hiyo.

Basi turudi kwenye bidhaa.

Kuifunga kwenyewe. Kwenye kila lensi upande wa pua kuna tundu dogo. Unapitisha uzi kwenye tundu la lensi moja, unaupitisha ndani ya kile kijirija, unaingiza tundu la lensi ya pili, unarudisha tena ndani ya kijirija, unavuta, unafunga fundo. Kijirija ndo kinakaa juu ya pua kama daraja. Inasomeka rahisi ila ule umbali kati ya lensi na lensi ndo kila kitu, milimita mbili zikizidi miwani inavuja upande wa pua, zikipungua lensi inapanda kwenye mfupa na unaumia. Mi nilifunga mara sita. Sita! Nilikaa mezani na mkasi na kioo, nafunga, nabandika usoni bila mkanda, naangalia kama inashika yenyewe kwa kunyonya, inadondoka, nafungua, nafunga upya. Mara ya sita nikaibonyeza usoni nikaachia mkono na ikabaki palepale juu ya macho, bila mkanda wala nini, imejishikilia yenyewe kwa sekunde nne tano hivi. Hapo ndo unajua umepatia. Nikaweka alama ya wino kwenye uzi pale pale ili nikija kufunga nyingine nisianze sifuri.

Hii ndo sababu kubwa ya mimi kuipenda na sitaificha mpaka mwisho. Miwani nyingine zote zimetengenezwa kwa uso wa mtu wa wastani ambaye hayupo, afu wanakuwekea mpira laini pembeni ili ufiche tofauti. Hii haifichi chochote, inakaa moja kwa moja kwenye mfupa wa jicho lako, na ukishaipima ni ya kwako peke yako, mwenzio akiiazima itamvuja.

Wiki ya kwanza inauma, niseme ukweli. Plastiki inakutana na ngozi bila mto wowote katikati. Ukimaliza mazoezi unakuwa na duara mbili nyekundu kuzunguka macho na zinakaa masaa, watu wanakuuliza umelia au hujalala. Lensi zangu zilikuwa na kaukingo kadogo kamebaki pale plastiki ilipokatwa, sehemu ya juu ya jicho la kulia, kalikuwa kananichana kabisa. Nikatafuta tupa ya kucha ile laini nikapitisha taratibu mara chache, nikasuuza, mpaka kidole kikipita hakisikii kitu. Toka hapo amani. Kwahiyo kama ya kwako inauma sehemu moja tu usiitupe, pitisha kidole pembeni ya lensi kwanza. Kama inauma duara zima basi umekaza mkanda kupita kiasi, na hili ndo kosa la karibu kila mtu, wanadhani ikivuja dawa ni kukaza. Hapana. Ikivuja dawa ni kufungua uzi wa pua na kuufunga upya. Mkanda kazi yake ni kuzuia isichomoke tu.

Kuona, aisee. Lensi ni ndogo na iko karibu na jicho kiasi kwamba ukifumba macho kope zinagusa, kwahiyo unaona chini na pembeni bila ile fremu nene ya kukuziba. Kwenye kipepeo hili ni jambo kubwa, kichwa kinatakiwa kiangalie chini, ule mstari mweusi wa chini ya bwawa unaishia mita 2 kabla ya ukuta na kale kamstari ka kukatiza mwishoni, ndo taa yako ya kukwambia jiandae. Ukiuona vizuri hunyanyui kidevu kutafuta ukuta. Ukinyanyua kidevu kwenye kipepeo nyonga zinazama na mbio imekwisha.

Ukungu unaingia, tena haraka kidogo, nyingine hazina dawa ya ukungu na zenye dawa inaisha ndani ya wiki chache hasa ukiisugua na kidole, usiisugue kamwe. Mimi naiingiza kwenye maji ya bwawa kabla ya kuvaa ili joto lilingane, inasaidia kiasi.

Kuna kitu watu wa siku hizi hatukifikirii. Mark Spitz alichukua dhahabu saba Munich 1972, zote saba na rekodi ya dunia, macho matupu. Hana miwani, hana kofia, ana masharubu. Miwani ilikuja kuonekana kwenye Olimpiki ya Montreal mwaka 1976. Kabla ya hapo waliokuwa wanavaa zaidi ni waliokuwa wanavuka bahari, kama Gertrude Ederle aliyevuka mlango bahari kati ya Ufaransa na Uingereza mwaka 1926, mwanamke wa kwanza kufanya hivo, alivaa miwani iliyozibwa kwa nta ya mshumaa ili maji ya chumvi yasiingie. Watu wa bwawani walikuwa wanaogelea mpaka klorini inawashinda, macho yanawaka, basi mazoezi yameisha hata kama mwili bado una nguvu. Hii miwani ya Kiswidi ilitokea huko Sweden miaka ya 1970, na umbo lake halijabadilika sana toka hapo. Fikiria hicho kitu. Suti zimebadilika, bloku za kuanzia zimebadilika, mpaka zikaja zile suti za mwili mzima za 2008 na 2009 zikapigwa marufuku, ila uzi na kijirija viko vilevile. Na miwani ndo iliyofungua mlango wa mazoezi marefu. Phelps na kocha wake Bob Bowman walipofanya mazoezi mpaka Jumapili, hesabu yao ilikuwa rahisi tu, wengine wanapumzika Jumapili, wewe ukiingia unapata siku 52 zaidi kwa mwaka. Krismasi ndani ya maji, siku ya kuzaliwa ndani ya maji. Macho matupu hayawezi hiyo kazi, macho yangekataa mapema.

Na ajabu ni kwamba huyu ndo mtoto aliyekuwa hataki kuweka uso majini. Dada zake wawili, Hilary na Whitney, ndo walikuwa waogeleaji kwanza, yeye alipelekwa bwawani akachukia maji usoni, ikabidi aanze kujifunza kwa mgongo. Akiwa na miaka 9 wakamkuta na ADHD, ile hali ya mtoto kushindwa kutulia na kukaa na jambo moja. Mama yake Debbie mwenyewe alikuwa mwalimu, na kuna mwalimu wa mtoto alimwambia huyu hataweza kukaza akili kwenye kitu chochote. Mtoto huyo huyo akawa anaweza kukaa masaa kwenye mashindano ya watoto anasubiri mbio ya dakika chache. Bowman alimkuta ana miaka 11, akawaita wazazi akawaambia huyu anaweza kufika Olimpiki, na akafika.

Bowman ndo mtu wa kumuelewa kama unataka kuelewa ile siku ya Beijing. Kwenye mashindano flani madogo kule Australia aliikanyaga miwani ya Phelps kwa makusudi kabla ya mbio, ikapata ufa, Phelps hajui, akaruka nayo, ikajaa maji, ikabidi amalize kwa kuhesabu. Unaweza kusema ni ukatili na mimi mara ya kwanza kusikia nilisema hivo hivo. Afu kulikuwa na ile wanayoiita kanda ya video, sio video ya kweli, ni ya kichwani, kila usiku kabla ya kulala na kila asubuhi akiamka Phelps anaichezesha mbio nzima kichwani, kuruka, kila pigo, kila kugeuka, na sio mbio nzuri tu, na ile ambayo mambo yameharibika, suti imechanika, miwani imejaa. Kwahiyo Beijing maji yalipoanza kuingia, mtu huyu tayari alikuwa ameshaishi hiyo dakika mara nyingi sana kitandani kwake.

Mi sikuwa nimeishi hiyo dakika hata mara moja.

Miezi minne baada ya kuinunua niliingia mashindano ya klabu, mita 200 kipepeo kama kawaida. Nimefunga uzi vizuri, nimejaribu wakati wa kupasha mwili, iko poa. Nikapanda bloku, nikaivaa JUU ya kofia, na nilipoikaza ile mara ya mwisho sikuibonyeza kwenye mfupa, niliacha tu. Firimbi, kuruka, na wakati wa kuingia majini nilinyanyua kidevu, kidogo tu, ila hii miwani haina mto wa kukusamehe, lensi ya kushoto ikasogea ikajaa palepale. Nikaendelea. Mita 50 nageuka kwa jicho moja. Kufika mita 90 hivi na ya kulia ikaanza, maji ya klorini yanacheza juu ya mboni, unajikuta unafumba macho bila kutaka, na ukifumba macho kwenye kipepeo unapoteza mstari, unapoteza kila kitu, nikaanza kunyanyua kichwa kutafuta ukuta, nyonga zikazama, miguu ikawa mizito kama imefungwa mawe. Mita 100 nikasimama ukutani, nikaimwaga, nikaivaa upya, wenzangu hao wanaenda. Nilimaliza, lakini nilimaliza wa mwisho na nililia ndani ya ile miwani njia nzima ya kurudi. Nilikuwa nimejiandaa kwa ile mbio miezi.

Kocha wangu hakuniambia pole. Jumatatu akaniita pembeni ya bwawa akasema, "Mwanangu, kabla hujavua hiyo miwani uilaumu, niambie una mapigo mangapi kwenye mita 50?" Sikujua. Miaka yote naogelea kipepeo sikujua. Akasema haya, leo jaza maji mwenyewe. Nikajaza maji kwenye lensi zote mbili, nikavaa, njia nzima nimeachiwa peke yangu na yeye anatembea pembeni, mita 50 mara nane, kwa kuhesabu. Mara ya kwanza niligonga ukuta na vidole vikakunjika, naikumbuka mpaka kesho. Ya nne nikaanza kuisikia. Mapigo yangu ni 26 nikiwa na nguvu, 29 nikichoka, na nikitoka mbali chini ya maji baada ya ukuta inapungua moja. Sasa nayajua kama namba ya simu. Kila wiki tunafanya hivo mara moja mpaka leo.

Kwahiyo je ni kosa la miwani? Nimelifikiria sana maana naandika hapa mtu atumie pesa yake. Kwa sehemu ndiyo. Miwani yenye mpira wa silikoni ingenivumilia ile kuruka vibaya, nina uhakika kabisa, na kama kuruka kwako bado hakujakaa sawa basi hii itakuadhibu kila mara. Ila kuna njia za kuizuia na sasa nazifuata: naivaa kwanza, nabonyeza kila lensi mpaka inyonye, afu ndo kofia inakuja JUU ya mkanda, na mkanda nimeugawa nyuma ya kichwa, mmoja juu mmoja chini. Kidevu kifuani mpaka maji yapite. Toka siku ile imenijaa mara moja tu, na ile mara moja nilihesabu.

Udumu wake. Lensi hazina shida, zina michubuko ila ziko hai. Mkanda wa mpira ndo unakufa, klorini inaukausha, unaanza kuwa na mistari midogo kama ardhi ya kiangazi, afu siku moja unakatika mkononi. Mimi nimebadilisha mara tatu. Uzuri ni kwamba unabadilisha mkanda peke yake, uzi peke yake, kijirija peke yake, lensi zinabaki zilezile, na wengine hawatumii kabisa ule mkanda wa asili wanaweka kamba ya elastiki yenye kitambaa, inadumu zaidi na haivuti nywele. Wenye mzio wa mpira wafanye hivo toka siku ya kwanza.

Mtoto mdogo usimnunulie. Anayeanza kuogelea usimnunulie. Anayeogelea baharini ni bora achukue zile pana, hizi lensi ndogo ukipigwa na wimbi au kiwiko cha mtu plastiki ngumu inakwenda kwenye mfupa. Wanaovaa miwani ya macho zipo zenye lensi za namba, kila jicho na namba yake, na kwasababu unaziunganisha mwenyewe unaweza kuweka namba tofauti kushoto na kulia, hii ni faida ambayo miwani nyingi za kawaida hazina.

Nikitaja wanaovaa miwani ya macho namkumbuka Joseph Schooling wa Singapore. Kuna picha ya mwaka 2008, mtoto wa miaka 13 ana miwani ya macho usoni, amesimama pembeni ya Phelps. Miaka nane baadae, Olimpiki ya Rio, mita 100 kipepeo, yule mtoto akamshinda, 50.39, na Phelps, Chad le Clos wa Afrika Kusini na Cseh wote watatu wakagusa pamoja 51.14 wakagawana medali ya fedha. Phelps akampongeza, anacheka. Yule yule aliyekunja uso Beijing baada ya dhahabu na rekodi ya dunia, Rio anashindwa na anacheka. Nadhani hapa ndo kuna mtu mzima tofauti na yule wa 2008, na sio kwamba moto uliisha, hapana, siku chache nyuma kwenye chumba cha kusubiria alikuwa amekaa na kofia ya koti kichwani, uso umekunjwa mdomo umebana, le Clos anarusha ngumi hewani mbele yake anajipasha, na fainali ya mita 200 kipepeo Phelps akaichukua tena kwa 1:53.36, kwa 0.04 tu mbele ya Masato Sakai wa Japan. Ile dhahabu le Clos alikuwa amemnyang'anya London 2012 kwa 0.05. Baada ya kushinda akapanda kwenye jukwaa la watazamaji kumbusu mwanae Boomer ambaye alikuwa na miezi mitatu.

Katikati ya London na Rio ndo kuna kitu ambacho watu wa medali hawapendi kukisoma. Alistaafu, akarudi 2014, Septemba mwaka huo akakamatwa akiendesha gari amelewa, akafungiwa kushiriki mashindano miezi sita, na mwenyewe amesema wazi kwamba alijifungia chumbani siku kadhaa na hakutaka kuishi. Mtu mwenye medali 22 wakati ule. Akaenda kituo cha matibabu, akaanza kuongea, na tangu hapo anaongelea sonona hadharani bila aibu. Alisema alikuwa anajiona kama muogeleaji tu, sio mtu. Nilisoma hilo nikiwa nimetoka mazoezini, zile duara mbili nyekundu bado ziko usoni, nikaangalia kioo. Mimi medali sina ila nilielewa. Ukivaa hii kitu kila siku, asubuhi na jioni, na kila mtu anakusalimia kwa kukuuliza muda wako wa mwisho, inafika mahali hujui ukiivua unabaki nani. Phelps alimaliza na medali 28, dhahabu 23, na mimi ninachomheshimu zaidi ni kwamba alisema hadharani nahitaji msaada, kuliko ile Beijing, na Beijing naiheshimu sana.

Rekodi yake ya dunia ya mbio za mtu mmoja mmoja iliyobaki mwisho bila kuvunjwa ilikuwa ile ya mita 400 mchanganyiko, mbio ya mitindo yote minne, 4:03.84 ya Beijing hiyo hiyo. Ilikaa karibu miaka 15. Fukuoka, Japan, mwaka 2023 Léon Marchand wa Ufaransa akaivunja kwa 4:02.50, na kocha wa Marchand ni nani? Bob Bowman. Phelps alikuwepo palepale anatangaza, amesimama anashangilia, na akamvalisha medali.

Haya, maksi. Kwa muogeleaji wa mashindano ambaye anajua kuruka na ana uvumilivu wa kukaa mezani na uzi, nne na nusu kwenye tano, hiyo nusu naikata kwa ajili ya mkanda unaokauka haraka na ile kingo ambayo kiwanda kingeweza kuilainisha chenyewe kabla ya kuweka kwenye pakiti. Kwa anayeogelea kujifurahisha, mbili, chukua ya silikoni tu utakuwa na furaha zaidi.

Nimeshanunua ya pili. Nimeifunga jana kwa ile alama ya wino, safari hii nimepatia mara ya kwanza, iko kwenye begi na mkanda wa akiba. Mashindano yanayofuata ni ya mwezi ujao, mita 200 kipepeo.